Kungoja Ukungu Utanduke

Rubani akikuta kiwanja kimefunikwa na ukungu ana mambo matatu ya kufanya: azunguke juu akingoja, ashuke kwa kufuata ala zilizo mbele yake, au ageuze aende kwingine. Katika Afrika Mashariki mambo hayo hayakuja pamoja. Kugeuza kulianza tangu ndege za mwanzo kabisa. Kungoja angani kwa mpango kulihitaji redio, na redio zilichelewa. Kushuka kwa ala kumebaki, hadi leo, neema ya viwanja vichache, na sehemu kubwa ya bara bado hutua kwa macho.

Nyanda za Iramba, mkoani Singida, zinaonyesha hali hiyo vizuri. Mstari ulionyooka kutoka Dodoma hadi Mwanza unapita juu yake, si mbali na Kiomboi na Kinampanda. Kinampanda inajulikana kwa chuo chake cha ualimu na kwa kazi ya misheni ya Kilutheri, wala haijawahi kuwa na jina katika mambo ya anga. Upande wa magharibi nyanda hizo zinaporomoka hadi mbuga za Wembere. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo mawingu yanaweza kukalia milima huku mbuga iliyo chini iko wazi. Ndege ya abiria ipitayo juu haina shida, kwa kuwa imeacha mitambo ya Dodoma nyuma na inaelekea kwenye mitambo ya Mwanza. Ndege ndogo inayotaka kushuka papo hapo haina pa kujishikiza ila macho ya rubani wake.

Miongoni mwa safari za mwanzo za anga katika nchi hii kuna iliyopotea mawinguni. Mnamo Novemba 1914 Waingereza walimleta rubani wa kiraia, H. D. Cutler, pamoja na ndege yake ya majini aina ya Curtiss, waitumie kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Aliruka kutoka kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia, bila dira. Mawingu yalimpoteza, akatua baharini kando ya kisiwa kingine upande wa kusini, na meli ikalazimika kwenda kumtafuta. Safari zake zilizofuata zilifaulu, manowari ikaonekana. Lakini ile ya kwanza ilikwisha onyesha kwamba ndege isiyo na dira wala redio ikizibwa macho haina tena njia ya kujua iko wapi.

Baada ya vita, wanajeshi wa anga wa Uingereza waliandaa mlolongo wa viwanja kutoka Cairo hadi Cape Town. Vichaka vilifyekwa, vichuguu vikabomolewa, ardhi ikasawazishwa kwa majembe. Tabora ilikuwa kimojawapo cha vituo hivyo. Mapema mwaka 1920 ndege kadhaa zilishindana kuimaliza njia hiyo, na mojawapo, Vickers Vimy iliyokodiwa na gazeti la The Times la London, ilianguka Tabora tarehe 27 Februari. Waliokuwemo wakanusurika, safari ikaishia hapo. Marubani wa mashindano yale waliongozwa na mito, reli na kingo za maziwa. Reli ya Kati ilikuwa alama bora kuliko ramani yoyote ya wakati ule, kwa sharti moja tu: ionekane.

Huduma ya kudumu ilikuja mwaka 1931, pale Imperial Airways ilipofungua njia kutoka London hadi Mwanza. Januari 1932 njia ikafika Cape Town, ikipitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, na safari nzima ilichukua siku kama 11. Idadi hiyo ya siku inaeleza jinsi walivyokabili hali mbaya ya hewa. Ndege ziliruka mchana na kulala usiku, na asubuhi ikiwa na ukungu zilibaki chini hadi utanduke. Abiria walikunywa chai ya pili. Ungojaji wa aina hiyo ulikuwa salama kuliko wote uliokuja baadaye, maana ndege iliyo chini haichomi mafuta.

Ugumu wenyewe haukuwa ukungu peke yake, ulikuwa pia katika mwili wa binadamu. Sikio la ndani, ambalo humsaidia mtu asianguke anapotembea, hudanganyika upesi likinyimwa msaada wa macho. Ndege inayogeuka polepole ndani ya wingu humfanya rubani ahisi inakwenda sawa. Akiirudisha sawa kweli, anahisi imelala upande wa pili, naye huikunja tena. Mwaka 1926 rubani wa jeshi la Marekani, William Ocker, alithibitishiwa hilo na daktari David Myers kwa kukalishwa katika kiti cha kuzunguka hali amefungwa macho: hakuweza kusema kwa uhakika anazungukia upande gani, wala kama kiti kimesimama. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwapima marubani 20 wasiofundishwa kuruka kwa ala. Wote walishindwa kuidhibiti ndege, na kwa wastani ilichukua sekunde 178.

Dawa ilikuwa kumfundisha rubani aamini ala na kuudharau mwili wake. Tarehe 24 Septemba 1929, huko Mitchel Field karibu na New York, Jimmy Doolittle aliruka, akazunguka na kutua akiwa amefunikwa kabisa, asione chochote nje. Alikuwa na upeo wa bandia uliotengenezwa na Sperry, altimita makini ya Kollsman, na mawimbi ya redio ya kumwelekeza uwanjani. Ala alizotumia zimo bado katika kila ndege ya abiria, ingawa sasa zimechorwa kwenye kioo cha kompyuta.

Mwaka huo huo wa 1929 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilianzisha huduma ya pamoja ya hali ya hewa chini ya Albert Walter, na usafiri wa anga uliokuwa ukikaribia ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Mpima hali ya hewa hakuhitaji mtambo mkubwa ili aseme macho yanafika wapi. Alikuwa na orodha ya alama ambazo umbali wake umekwisha pimwa: mti ule, paa la ghala, mnara wa kanisa, kilima cha mbali. Alitoka nje kwa saa iliyopangwa, akazitazama moja baada ya nyingine, na alama ya mwisho aliyoiona ndiyo aliyoiandika. Njia hiyo bado inatumika kwenye vituo vingi. Kwa kanuni za kimataifa, macho yakishindwa kufika mita 1,000 kwa sababu ya matone ya maji yaliyoelea hewani, hali hiyo inaitwa ukungu. Zaidi ya hapo ni utusitusi tu.

Redio ndiyo iliyoyaunganisha macho ya mtu wa chini na mikono ya mtu wa juu. Ulaya ya miaka ya 1930 ilikuwa na utaratibu ulioitwa ZZ. Mtu wa kituo alisikiliza mlio wa injini ndani ya ukungu na kupima mwelekeo wa mawimbi ya ndege, akamtumia rubani maelekezo kwa mdundo wa Morse. Mambo yakiwa sawa alipiga herufi ZZ, yaani shuka. Yakiharibika alipiga JJ, yaani paa uanze upya. Usalama wa abiria wote ulikuwa sikioni mwa mtu mmoja aliyesimama uwanjani. Haishangazi kwamba wahandisi walitafuta haraka namna ya kumtoa mtu huyo katikati.

Walifanikiwa kwa mfumo unaoitwa ILS, ambao ndege ya abiria iliutumia kwa mara ya kwanza Pittsburgh, Marekani, katika theluji ya tarehe 26 Januari 1938, na ambao baada ya Vita Kuu ya Pili ukawa kawaida ya dunia nzima. Mwishoni mwa njia ya kurukia husimama safu ya antena inayotupa miale miwili ya redio iliyopandana kidogo, mmoja ukiwa na mtetemo wa 90 kwa sekunde, mwingine wa 150. Chombo ndani ya ndege hulinganisha nguvu za mitetemo hiyo. Zikilingana, mshale husimama katikati, na ndege iko juu ya mstari wa kati wa njia. Antena nyingine, pembeni mwa mahali pa kugusia ardhi, hufanya kazi ile ile kwa wima, ikichora mteremko wa nyuzi 3. Rubani hufuata makutano ya mishale miwili hadi kimo cha kuamua, ambacho kwa daraja la kwanza la mfumo huo ni futi 200, yaani mita 60 juu ya ardhi. Hapo huinua macho. Akiona taa au njia anatua. Asipoona anasukuma injini na kupaa tena. Kutoka kimo hicho hadi matairi kugusa lami kuna sekunde kama 15 au 20, na hakuna nafasi ya kutafakari. Uamuzi unapaswa uwe umeandaliwa kabla.

Shirika la ndege la East African Airways lilianza kuruka Januari 1946, likiwa na ndege ndogo za mbao na turubai aina ya Dragon Rapide, na halikuurithi mfumo huo moja kwa moja. Kilichoenea bara kwanza ni mnara wa redio usio na mwelekeo, ambao mawimbi yake husambaa pande zote, na mshale ndani ya ndege ukaelekea uliko. Ulikuwa wa bei nafuu na ulihitaji umeme kidogo. Kasoro yake inajulikana kwa kila rubani aliyewahi kuruka Ziwa Victoria: radi nayo hutoa mawimbi, na dhoruba ikikaribia mshale huacha kituo na kuielekea dhoruba. Chombo kilichowekwa kumsaidia rubani katika hali mbaya kilimponza hali ilipozidi kuwa mbaya.

Mwezi Mei 1955 ndege ya East African Airways aina ya Dakota, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga mlima Kilimanjaro. Watu wote 20 waliokuwemo walikufa. Nchi yenye milima kama hiyo iliufanya uchaguzi wa kimo kuwa jambo la uhai, na viwanja vyake vya nyanda za juu vilileta mtego mwingine. Kiwanja cha Embakasi, Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1958 na ambacho leo ni Jomo Kenyatta, kiko futi zaidi ya 5,300 juu ya usawa wa bahari. Tarehe 3 Septemba 1974 jumbo ya British Airways iliyokuwa ikishuka humo iliruhusiwa kwenda futi 7,500. Wafanyakazi wa ndege walisikia 5,000, wakaweka hivyo kwenye ala. Namba hiyo ilikuwa chini ya ardhi yenyewe ya kiwanja, lakini kwa marubani waliozoea viwanja vilivyo karibu na usawa wa bahari haikuonekana ya ajabu. Walipotoka mawinguni waliona mbuga iko pale pale, wakavuta usukani, na ndege ikapaa tena baada ya kufika futi 70 tu kutoka ardhini. Hakuna aliyeumia. Ala zote zilikuwa nzima. Zilitii amri iliyosikiwa vibaya.

Kungoja angani nako kuna ufundi wake, na abiria anayeona jua likiingia dirishani mara upande huu mara upande ule huwa anaushuhudia bila kujua. Ndege hupewa mahali maalumu juu ya mtambo wa redio, na hapo huchora umbo la uwanja wa riadha: mgeuko wa nusu duara kuelekea kulia, mnyoosho, mgeuko mwingine, mnyoosho mwingine. Chini ya futi 14,000 kila mnyoosho ni dakika moja, na mgeuko wa kawaida ni nyuzi 3 kwa sekunde, hivyo nusu duara nayo ni dakika moja. Mzunguko mzima huchukua dakika 4. Ndege nyingine zikifika hupangwa juu ya ile ya kwanza, kila moja futi 1,000 juu ya mwenzake, na ya chini ikishaingia kutua zote huteremshwa ngazi moja. Rubani hurekebisha kwa ajili ya upepo, kwa kuwa mnyoosho unaokwenda na upepo humpeleka mbali kuliko anavyotaka.

Kinachohesabiwa muda wote huo ni mafuta. Kanuni za kimataifa zinadai ndege ya jeti iondoke ikiwa na mafuta ya kufika inakokwenda, ya kwenda kiwanja mbadala, na juu yake ya kuzunguka dakika 30 kwa kimo cha futi 1,500. Sehemu hiyo ya mwisho haiguswi kwa hiari. Kwa hiyo muda wa kungoja haupangwi na ukungu, unapangwa na umbali wa kiwanja mbadala. Hapo ndipo jiografia ya Afrika Mashariki inapobana. Rubani wa London ana viwanja kadhaa vikubwa ndani ya dakika chache. Aliyekwama juu ya Nairobi katika asubuhi ya mawingu mazito ya Julai huenda Mombasa au Kilimanjaro, kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1971. Aliyekwama magharibi mwa Tanzania ana Mwanza, na baada ya hapo ni mbali.

Huko nje utaalamu ulisonga mbele. Mwaka 1965 ndege aina ya Trident ilitua yenyewe London ikiwa na abiria wa kawaida, na madaraja ya pili na ya tatu ya ILS yakaruhusu kutua katika ukungu ambao hata dereva wa basi la kiwanjani hupata shida kuendesha. Afrika Mashariki haikukimbilia huko, na si kwa sababu ya umaskini pekee. Madaraja hayo yanadai umeme wa akiba unaowaka papo hapo, taa nyingi, vipimo vya ukungu kando ya njia na marubani wanaofanya mazoezi kila mara. Gharama hiyo ina maana pale ukungu unapofunga kiwanja mara nyingi kwa mwaka. Dar es Salaam, ambako kero ni mvua kali inayopita ndani ya nusu saa, kungoja ni bei rahisi zaidi.

Songwe ilileta hoja tofauti. Kiwanja hicho cha Mbeya kilifunguliwa Desemba 2012 kuchukua nafasi ya kile cha zamani kilichobanwa na mji, nacho kiko nyanda za juu zenye ukungu wa mara kwa mara. Kwa miaka kadhaa hakikuwa na taa wala ala za kuongoza kutua, na habari za ndege kuzunguka juu yake, kisha kurudi Dar es Salaam na abiria wake wote, zikawa jambo la kawaida. Ni vigumu kutolaumu mpangilio huo: njia ndefu ya lami ilijengwa kwanza, na vitu vya kuifanya ionekane vikafuata baadaye.

Tukio lililowafanya Watanzania wengi waulize maswali kuhusu kutua lilitokea Bukoba. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliondoka Dar es Salaam saa 12 ikitarajiwa kutua saa 2:30. Ilikuwa na watu 43. Kiwanja cha Bukoba kimebanwa kati ya mji wenye vilima na Ziwa Victoria, njia yake ni fupi, na mwisho wake mmoja unaishia ukingoni mwa maji. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndege iliingia ziwani ikikaribia kutua, karibu sana na nchi kavu, na wavuvi wakawa wa kwanza kuifikia kwa mitumbwi. Watu 24 waliokolewa, 19 wakafa, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao. Mjadala uliofuata ulikuwa zaidi juu ya uokoaji, jinsi kamba na boti zilivyokosekana, na ulistahili. Suala la kiwanja chenye ndege za abiria za kila siku kutegemea macho ya rubani juu ya ziwa lenye dhoruba lilizungumzwa kwa sauti ya chini zaidi.

Usimamizi wa anga wenyewe umepita mikono mingi. Ulikuwa wa pamoja kwa nchi tatu hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na East African Airways ikafa nayo. Tanzania ikabaki na vipande vyake. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kabla ya hapo kidogo serikali ilikuwa imenunua rada kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, bei iliyozua kashfa iliyodumu miaka. Sehemu kubwa ya fedha ambazo kampuni hiyo ilizirejesha ilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Mwaka 2017 ulisainiwa mkataba wa rada nne mpya, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Rada haimshushi rubani, lakini humwonyesha mwongoza ndege mahali alipo kila anayengoja, na hivyo foleni ya angani hupangwa kwa karibu zaidi.

Kwa vijiji vya bara, urubani wa ndege ndogo ulijengwa na madaktari na wamisionari. Flying Doctors, iliyoanzishwa mwaka 1957 na Michael Wood na wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, iliunganisha hospitali za mbali na Nairobi kwa redio. Dodoma ikawa makao ya ndege za shirika la kimisionari la MAF zilizohudumia viwanja vya udongo vya Tanzania ya kati. Hapa ungojaji umerudi ulikoanzia, ardhini. Rubani hupata habari za hali ya hewa kwa mtu aliyeko huko, haanzi safari kabla mawingu hayajapanda, na akifika hupita kwanza juu ya kiwanja kuangalia kama kuna ng'ombe, maji au shimo jipya. Wingu likiwa limelala juu ya milima, hurudi Dodoma. Satelaiti zimebadilisha sehemu moja ya kazi hiyo: rubani anajua mahali alipo kwa usahihi ambao Cutler asingeuota. Ujuzi huo umeleta kishawishi chake, kwa sababu namba kwenye skrini haisemi kuna mti gani au kilima gani kati ya ndege na kiwanja.

Ili satelaiti itumike kushuka ndani ya mawingu kihalali, kila kizuizi kuzunguka kiwanja lazima kipimwe, njia ya kushuka ichorwe na kurushwa kwa majaribio, mtu wa hali ya hewa awepo, na yote yapitiwe upya kila baada ya muda. Hakuna antena ya kununua, na hilo linafaa viwanja vidogo, lakini kazi ya upimaji ni ya kudumu. Pasipo taratibu hizo hutumika kanuni ya macho. Chini ya futi 10,000 rubani anatakiwa aone mbele kilomita 5, akae mita 1,500 mbali na wingu kwa ulalo na mita 300 kwa wima. Kwa ndege ndogo inayokwenda Iramba kutoka Dodoma, kipimo hicho ndicho kinachoamua kama itaondoka asubuhi, mchana au kesho.